Matusi ya Nguoni Kwenye Vyombo vya Angani: Wasomaji Wauliza, Tunajibu

Barua nyingi za mwezi huu, kuanzia Kisauni hadi Mji wa Kale, zimegusa jambo moja: matusi mazito katika hadithi za kisayansi zilizoanza miaka mingi nyuma na ambazo bado zinaendelea, hasa Star Trek. Tumechagua sita. Matusi yenyewe hatuyachapi. Panapobidi tunaandika "neno la F", lile tusi zito la Kiingereza linaloanza na herufi hiyo, na kila mtu ajua ni lipi.

Assalaam aleikum wahariri. Nimekua nikitazama Star Trek na marehemu baba yangu, zile za zamani za Kapteni Kirk na Kapteni Picard. Sasa nina wanangu watatu, mkubwa ana miaka 12. Tulipoanza ile mpya iitwayo Discovery sebuleni, bibi yao akiwa papo hapo, kadeti mmoja akatoa tusi la nguoni mbele ya mkubwa wake. Nikazima. Je, ni ushamba wangu, au kweli tusi lile halikuwa na mahali pale? — Baba wa watatu, Kisauni

Wa aleikum salaam. Ushamba haumo hapa, na swali lako lastahili jibu la wazi: kwa maoni yetu, katika Star Trek tusi zito halina mahali, ila mara chache mno, na hizo chache ziwe na sababu ndani ya hadithi. Tueleze kwa nini, maana wanaosema "matusi ni mabaya, basi" na wanaosema "ni maneno tu" wote wawili wanaikimbia kazi ya kutazama kilichofanyika.

Star Trek ilianza tarehe 8 Septemba 1966 kwenye televisheni ya NBC, Marekani. Televisheni ya antena ya huko haikuruhusiwa kurusha lugha chafu. Kanuni ya sasa yafunga kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne usiku. Hivyo waandishi walijifunza kupima. Mwaka 1967, katika sehemu iitwayo "The City on the Edge of Forever", Kirk anamzuia daktari wake asimwokoe mwanamke ambaye Kirk mwenyewe anampenda, kwa sababu akiishi historia yote itaharibika. Mwanamke anakufa. Kirk anarudi kwa wenzake na kusema waondoke hapo, akitia neno la "jehanamu" ndani ya amri yake. Leo neno hilo halimshtui mtu. Lakini limebeba msiba wa saa nzima, na hakuna jingine linalokaribia katika sehemu ile.

Nenda hadi 1994, filamu ya Star Trek Generations. Data, yule mtu wa kuundwa ambaye kwa miaka saba ya televisheni hakuwa na hisia, amewekewa kifaa cha hisia. Chombo kinaanguka kuelekea ardhini naye anasema tusi moja fupi, la kinyesi. Filamu ile ilipewa daraja la PG, la familia. Sinema nzima hucheka, na wanacheka kwa haki: hofu ambayo bado ni ngeni kwake imetoka kama inavyotoka kwa binadamu yeyote.

Sasa tuje kwenye ile uliyoizima. Discovery ilianza Septemba 2017 kwenye huduma ya kulipia ya intaneti ya CBS, si kwenye antena, isipokuwa sehemu ya kwanza iliyorushwa pia huko. Sehemu ya tano, iliyotoka tarehe 15 Oktoba 2017, ndiyo iliyoleta neno la F kwa mara ya kwanza katika miaka 51 ya mfululizo huu. Kadeti Tilly amefurahia ugunduzi wa kisayansi, neno limemtoka, amejishtukia. Na Stamets, mkubwa wake asiyejua kutabasamu, anamjibu kwa kulirudia. Kama utunzi, si mbaya. Stamets analainika mbele ya macho yetu. Hasara yake iko kwingine: kuanzia dakika ile, mtoto wa miaka minane aliyekuwa akikaa na babu yake ameambiwa aondoke sebuleni, na alichopata babu badala yake ni kicheko kimoja.

Kipimo chetu ni hiki. Tusi likitoka, angalia nani ndani ya hadithi amebadilika kwa kulisikia. Mtu ashtuke, aone haya, akasirike, acheke, avunjike moyo. Ikiwa hakuna aliyegeuza hata shingo, neno lile halikusemwa kwa ajili ya wahusika. Lilisemwa kwa ajili yetu tulioketi nje, ili tujue kwamba hiki sasa ni kipindi cha watu wazima. Tilly anapita kipimo hiki. Amirali Clancy katika Star Trek: Picard, mwanzoni mwa 2020, anapita kwa shida: Picard mstaafu anakuja kuomba chombo, naye Clancy anamfokea kwa neno la F kuhusu kiburi chake. Lakini ombi linakataliwa waziwazi katika mazungumzo yale yale, na Picard anaambiwa arudi nyumbani. Litoe neno lile na fedheha yake haipungui hata chembe. Baadaye, kufikia msimu wa tatu mwaka 2023, Picard mwenyewe analitumia akisimulia kisa cha zamani. Huyo ni Picard ambaye mwaka 1987 alikerwa akalaani kwa Kifaransa, neno moja, na mtazamaji akamjua zaidi kuliko kama angelaani kwa lugha ya kila mtu.

Kuna wanaotaja filamu za kutisha za Alien. Naam, lakini Alien ya 1979 na Aliens ya 1986 zilizaliwa na daraja la R, la wakubwa. Askari wa Aliens wanatukana tangu wanapoamka kutoka usingizini, na hakuna mtoto aliyealikwa kisha akafukuzwa. Mfululizo una wenyewe tangu siku ya kwanza, na kubadilisha lugha katikati ni kubadilisha wenyewe.

Waingereza walikuta njia tuipendayo zaidi. Doctor Who ni kipindi cha familia tangu kilipoanza mwaka 1963. Walipotaka hadithi za watu wazima katika ulimwengu ule ule, mwaka 2006 walianzisha Torchwood, wakairusha usiku baada ya saa tatu, saa ambayo kanuni za Uingereza zinalegea. Matusi yamo, tangu mwanzo, na kila mtu alijua. Mwaka uliofuata wakaanzisha The Sarah Jane Adventures kwa ajili ya watoto. Msimu wa pili wa Torchwood ulitengenezewa hata toleo lililosafishwa la kurushwa mapema jioni. Nyumba moja, milango mitatu, na Doctor Who yenyewe haikuguswa.

Tuongeze moja ya Star Wars. Katika sehemu ya mwisho ya msimu wa kwanza wa Andor, Novemba 2022, marehemu Maarva anawahutubia majirani kwenye mazishi yake kwa picha iliyorekodiwa. Waandishi walikuwa wamempa neno la F dhidi ya Dola ile katili. Disney wakakataa, na likawa "Piganeni na Dola." Wengi walisikitika. Sisi twaona badiliko lile lilifaa kuliko asili. Tusi lingewapa waombolezaji nafasi ya kushangilia. Amri iliwapa kazi, nao wakaifanya: fujo inaanza sekunde chache baadaye, na hadithi nzima ilikuwa inalisubiri hilo.

Hamjambo. Kwa heshima zote, mnakuza mambo. Pandeni feri ya Likoni saa kumi na moja jioni, msikilize makuli na matauti wakizozana. Watu hutukana. Iweje wanajeshi wa karne ya 23 wawe na ulimi wa ustadhi? Hiyo ndiyo isiyo kweli. — Mwanafunzi, Bamburi

Hatujambo, mdogo wetu. Kweli watu hutukana, na hata wanaanga hutukana. Mei 1969 chombo cha Apollo 10 kilipokuwa kilomita kama 15 tu juu ya Mwezi, kilianza kuyumba na kuzunguka ghafla kwa sababu swichi moja ya mfumo wa kuongoza ilikuwa mahali pasipofaa. Gene Cernan akatoa tusi zito redioni, dunia ikasikia, na malalamiko yakafika NASA. Hakuna mwandishi anayeweza kusema mwanaanga hatukani.

Lakini angalia lilitoka lini. Chombo kikiyumba juu ya Mwezi. Saa nyingi za mazungumzo ya Apollo ni namba, majina ya swichi na "sawa". Marubani wa ndege za abiria nao wana kanuni ya Marekani tangu 1981: chini ya futi 10,000 hakuna soga, ni kazi tu. Daraja la chombo cha angani ni mahali pa kazi penye kinasa sauti. Mtunzi anayejaza matusi pale kila dakika yuko mbali na ukweli sawasawa na yule asiyeweka hata moja.

Na kwenye feri yako, msikilize tena yule kuli. Akimwona mama mkwe wake anapanda na kikapu, sentensi inakatika katikati. Huo ndio ukweli ambao twautaka kwa waandishi: ulimi unaobadilika kulingana na aliyepo. The Expanse, vitabu vya hadithi za angani vilivyogeuzwa mfululizo wa televisheni, ilijua jambo hili. Bi Avasarala, mwanasiasa wa Umoja wa Mataifa, ana ulimi mchafu kupindukia, lakini anajua wapi auvue na wapi auvae, na matusi yake ni chombo cha kazi. Vitabu vilimwachia tangu mwanzo. Televisheni ilimfunga kiasi, hadi mfululizo ulipohamia Amazon mwaka 2019. Pale hatuna la kulalamika, kwa kuwa wasomaji wa vitabu walimjua hivyo.

Mimi ni mama wa Tudor. Nina nakala zangu halali za mfululizo kwenye kompyuta, na pia tuna Netflix. Sitaki kukata sehemu nzima kwa sababu ya neno moja. Naweza kulizima neno lile tu? Naomba hatua kwa hatua.

Kwenye nakala zako mwenyewe waweza, na faili la filamu halitaguswa. Utahitaji Kodi, programu ya bure ya kuchezea video, na faili dogo la maandishi.

Kwanza tafuta neno liko wapi. Fungua video kwenye VLC, programu nyingine ya bure ya video, fika karibu, simamisha, halafu tumia herufi E kwenye kibodi kusogea picha moja moja. Tuseme neno liko dakika ya 41 na sekunde 52.4, na linaisha sekunde 52.9. Geuza yote kuwa sekunde: 41 mara 60 ni 2460, ongeza 52.4, upate 2512.4. Mwisho ni 2512.9. Ongeza nafasi, sehemu tatu za kumi za sekunde kabla na mbili za kumi baada, kwa kuwa herufi F huanza na pumzi ambayo sikio la mtoto hulidaka mapema. Kisha fungua Notepad, si Word, uandike mstari huu:

2512.1 2513.1 1

Namba ya mwisho ndiyo amri: 1 huzima sauti, 0 hukata picha na sauti pamoja. Tumia 1. Kila neno lina mstari wake. Hifadhi faili kwenye folda ile ile ya video, likiwa na jina lile lile kabisa, ila mwisho wake ni .edl. Video ikiitwa sehemu05.mkv, faili liwe sehemu05.edl. Fungua kwa Kodi, sauti itatoweka kwa sekunde moja na kurudi.

Yanayokwama ni haya. Notepad hupenda kuongeza .txt bila kukuonyesha, ukapata sehemu05.edl.txt, na Kodi hailioni; wakati wa kuhifadhi chagua "aina zote za faili". Tumia nukta kwenye desimali, si koma. Na ukichukua nyakati alizoandika mtu mwingine, hakikisha nakala zenu ni za kasi moja. Toleo la picha 23.976 kwa sekunde likiharakishwa hadi 25, kila saa moja hupungua karibu dakika mbili na nusu, kwa hiyo mwanzoni mwa sehemu utadhani umepatia, na kufikia mwisho utakuwa unazima salamu za watu huku tusi likipita wazi.

Usisahau maandishi ya chini ya picha. Mtoto wa miaka tisa anasoma. Faili la .srt, ndilo lenye maandishi hayo, lifungue kwa Notepad hiyo hiyo, tafuta neno, weka jingine, usiguse namba wala mishale. Humo nyakati hutumia koma, ziache hivyo. Hifadhi kwa UTF-8.

Netflix haikubali mbinu hii. Hapo kazi ni ya profaili. Ingia kwenye akaunti yako kwa kivinjari, si kwa televisheni, chagua profaili ya mtoto, weka kiwango cha umri, na kama kuna kipindi kimoja usichokitaka kizuie kwa jina lake. Halafu fanya lile ambalo wazazi wengi husahau: funga profaili YAKO kwa namba ya siri ya tarakimu nne. Profaili ya mtoto ikiwa imechungwa na ya baba iko wazi kando yake, mtoto atabonyeza ya baba.

Mjukuu wangu ana miaka tisa na anapenda nyota. Nimpe Star Trek ipi? — Mzee, Changamwe

Shikamoo Mzee. Mwanzie Prodigy ya 2021, katuni iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto hasa. Ile ya kwanza ya 1966 hadi 1969 haina matusi mazito, ingawa mwendo wake ni wa polepole na mtoto wa leo atahitaji wewe kando. Lower Decks ni katuni pia, lakini usidanganyike na sura: matusi yamefunikwa kwa mlio, ila mizaha yake ni ya wakubwa.

Na ulimi safi peke yake hautoshi. The Next Generation, ile ya Picard ya 1987 hadi 1994, ni safi kwa maneno, lakini katika msimu wa kwanza kuna sehemu iitwayo "Conspiracy" ambapo kichwa cha mtu kinapasuka waziwazi. Iruke hiyo. Kwa mtoto wa umri huo ni nzito kuliko tusi lolote la Discovery.

Sisi ni vijana wa Mji wa Kale. Tunaandika mchezo wa sauti, sehemu nane za dakika 20, juu ya kituo cha angani kilichojengwa na wajukuu wa mabaharia wa Kilindini. Twataka wahusika wakasirike kikweli lakini mchezo usikike sebuleni. Tubuni matusi yetu? Vipi, bila kuchekesha?

Kwa barua yenu tumefurahi sana, na jibu ni ndiyo, lakini msianze na sauti ya neno. Wengi huanza hapo na ndipo wanapoharibu. Battlestar Galactica ya 1978, na zaidi ile ya 2004, ilibuni neno lake la kutukania, na toleo la pili likaliandika kwa herufi nne makusudi. Limekaa karibu mno na neno la F, hata mtazamaji husikia lile lile kwenye koti jipya. Mtoto wa shule naye hulitumia hivyo hivyo. Red Dwarf ya Uingereza ilibuni la kwake mwaka 1988, la kuchekesha, na limedumu kwa sababu kipindi chenyewe ni cha kuchekesha. Firefly ya 2002 iliwapa wahusika Kichina wanapokasirika, jambo ambalo hufanya kazi hadi mtazamaji awe Mchina.

Anzeni na miiko. Kila jamii hutukana kwa kile inachokiheshimu, kukiogopa au kukiona najisi: Mungu, mama, mwili, uchafu, maradhi, kifo. Watu wanaoishi ndani ya chuma angani wana miiko gani? Binadamu mmoja hutumia karibu kilo 0.84 za oksijeni kwa siku. Katika kituo cha kimataifa kilichoko angani sasa, karibu asilimia 98 ya maji, pamoja na jasho na mkojo, husafishwa na kunywewa tena. Kwa watu hao, kupoteza hewa ni kuua, na kumwaga maji ni kumnyang'anya jirani. Mlango wa nje ni kaburi. Hapo ndipo matusi yenu yalipo.

Na lugha yetu imewawekea kitu ambacho wengine hawana kwa wepisi huu: apizo. Halihitaji neno jipya hata moja. "Hewa ikuishie!" "Mlango ukufungukie!" Mtu wa Kilindini wa leo atasikia ya pili na kudhani ni dua njema. Mtu wa kituoni atanyamaza, mkono kwenye kisu. Hiyo tofauti ndiyo hadithi yenu. Kwa tusi la kumwita mtu, jengeni kwa kitendo: "mla hewa ya watoto" ni zito kuliko jina lolote la mnyama. Pwani hii ina ujuzi mrefu wa kumchoma mtu bila kuvua nguo ya maneno. Muyaka bin Haji aliwapiga maadui wa Mombasa kwa beti katika karne ya 19, na hadi leo kanga moja ikivaliwa siku inayofaa humaliza jirani bila sauti.

Sasa utaratibu. Katika sehemu ya kwanza apizo lisikike mara moja tu, na lisikike likimgharimu mtu: aliyelisema afukuzwe mezani, au mtoto alirudie na mama ampige kibao. Msikilizaji ataelewa uzito wake bila kamusi. Baada ya hapo, apizo kubwa lisizidi mara mbili kwa kila sehemu ya dakika 20, na sehemu mbili zipite bila hata moja. Wekeni ngazi tatu: la kila siku la kunung'unikia, la ugomvi, na moja ambalo halisemwi kabla ya sehemu ya saba. Wagawieni wahusika. Fundi wa mitambo ya maji asitukane kwa hewa. Atatukana kwa maji. Nahodha mmoja asitukane kamwe, ili siku atakapotamka, msikilizaji asimame.

Mkibuni mizizi mipya, liwe neno la silabi mbili au tatu, liishie irabu, na likubali viambishi vyetu bila kukwama: lisemeke peke yake, liingie kwenye ku-, liingie kwenye m- na wa-. Kisha, kabla ya kurekodi, wasomeeni watu wa Lamu, Pemba, Tanga na wa bara, kila mmoja peke yake. Silabi mbili mlizozibuni kwa usafi wa moyo zaweza kuwa kiungo cha mwili kwenye lahaja ya pili, na mkagundua siku mchezo unarushwa.

Upande wa maikrofoni: watu wakifoka, herufi P na B hupasua sauti. Maikrofoni ikae umbali wa shubiri moja na nusu, kando kidogo ya mdomo, isielekee pumzi moja kwa moja, na sauti ya kurekodia ipimwe kwa mfoko wenye nguvu kuliko wote, si kwa maneno ya kawaida. Msipofanya hivyo, mstari mkali kuliko yote ndio utakaotoka umekwaruza, na hakuna programu itakayourudisha sawasawa.

Natafsiri maandishi ya chini ya filamu kwa Kiswahili. Wahusika wakitukana kwa nguvu, niandike tusi letu lenye nguvu sawa? — Mtafsiri, Nyali

Hapana. Shusheni ngazi moja. Tusi lililoandikwa kwa herufi nyeupe kwenye skrini hukaa, na humgonga msomaji kuliko lililopita kwa sauti, tena sauti na uso wa mwigizaji vimeshafanya nusu ya kazi. La pili ni nafasi: kwa kawaida mstari mmoja hauzidi herufi 42, na kasi ya kusoma inayotumika sana ni herufi 17 kwa sekunde. Mfoko wa sekunde moja hauna nafasi ya sentensi. "Upumbavu mtupu!" ni herufi 15 pamoja na nafasi na alama, unaingia. Tusi la nguoni likiwa limebeba habari, kwa mfano mtu anamtukana kamanda kwa mara ya kwanza, hifadhi ule uvunjaji wa adabu kwa njia nyingine: mwondolee kamanda cheo. Mhusika aliyesema "Kapteni" kwa saa nzima aandikiwe "wewe". Na kama filamu itaonyeshwa ukumbini hapa Kenya, mwenye ukumbi ahakikishe ina daraja la Bodi ya Kuainisha Filamu (GE, PG, 16 au 18), kwa kuwa daraja hilo hutolewa kwa filamu nzima na maandishi yako laini hayalibadilishi. Televisheni nayo, maudhui ya wakubwa ni kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Ukijua mapema kazi yako itarushwa saa ngapi, muulize mteja kabla hujafungua mstari wa kwanza.